Ngozi ya Mama Mukwe na Moshi wa Maaskari

Tangu niache kazi, mikono yangu haijui mahali pa kukaa. Nikiketi, inakwangua ukingo wa kiti. Mgeni akija kuongea, inavuta pindo la kitambaa cha meza kuona kama linarudi sawa. Juzi mke wangu Masika alichoka, akaniambia, "Kama mikono inakuwasha, andika. Bale batoto ba atelye banaulizaka kila siku mambo ya zamani." Donc ninawaandikia, ninyi vijana wa karakana mliobaki na visu vyangu. Mkiona mstari umepinda, mjue pikipiki imepita nyuma ya dirisha. Tangu vita sijui kusikia mota bila kusimama kwanza.

Sitawaeleza nilivyopanda kazini, kwa sababu sikupanda. Niliingia nikiwa mkwanguaji wa ngozi, nikatoka nikiwa mkwanguaji wa ngozi mwenye miwani.

Kwa yule ambaye karatasi hii itamwangukia mkononi na si wa kwetu, niseme kazi yenyewe. Hatushoni viatu wala mikoba. Watu wanatuletea ngozi za kulalia, za mbuzi na za ndama, mara chache ya ng'ombe mzima. Ni ngozi za mtu anayelala nje: mchungaji wa ng'ombe huko juu Kipese ambako umande unauma kama mbwa, shofere anayelala chini ya kamyo wakati matope ya njia ya Kanyabayonga yamemshika, mwinjilisti anayetembea kijiji kwa kijiji na Biblia na sufuria. Ngozi ikilowa sana, ikiwa ngumu, ikianza kunuka, inarudi kwetu. Tunaikwangua, tunaipaka mafuta, tunaifukiza, na yenyewe inarudi porini. Zimetembea kuliko mimi. Mimi nilizaliwa Butembo, na kama dunia ingeniacha, ningezeeka kwenye chumba kile kile, kwenye kitanda kile kile, na uso kwenye ukuta ule ule.

Kazi hii niliichagua kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani. Sina sababu nyingine, msinitafutie. Nilikuwa nimemaliza sekondari, section pédagogique, wakataka kunituma kufundisha Kalunguta. Niliuliza kama mtu anaweza kufundisha Kalunguta na kulala Butembo. Yule mukubwa wa masomo alinitazama kama mtu anayetazama mbuzi iliyopanda meza. Atelye ya Muhindo ilikuwa chini kidogo ya nyumba yetu, kando ya mto Kimemi. Ukisimama mlangoni pake unaona moshi wa jiko la mama yangu, unajua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, imefikia wapi.

Muhindo alikuwa mpakiaji wa kamyo wa zamani, mfupi, bega moja chini kuliko lingine, na hakuna njia ya nchi hii ambayo hakuwahi kulala kando yake. Siku ya kwanza niliingia na shati nyeupe.

"Umesoma?" akaniuliza.

"Ndiyo, patron. Nilimaliza, hata diplome ninayo."

"Muzuri. Uikwangulie juu ya hii."

Akanitupia ngozi mbichi ya ndama shingoni, na maji yake, na mafuta yake, na nzi wake. Kabla jua halijafika juu nilikuwa nimetapika nyuma ya pipa la moshi. Muhindo hakunionea huruma wala hakunicheka. Alisema tu, "Mto uliona mabaya kushinda haya," akaendelea na kazi.

Alinipa kisu kilichotengenezwa kwa chuma cha resori, ile springi ya kamyo. Nilikipeleka kwenye jiwe nikakinoa vizuri mpaka kikang'aa, nikafikiri atanisifu. Alikichukua, akakisugua kwenye saruji mpaka kikawa butu tena. "Ngozi iliisha kufa mara moja," akasema. "Hapana iua tena." Ninyi mnaocheka visu vyangu kwamba havikati hata ndizi, sasa mnajua. Kisu cha kukwangulia kinasukuma nyama na utando, hakikati. Kikikata, kinaacha kovu, na kovu ndilo mahali maji yanapoingilia.

Jina aliloniitia ni Kitanda. Kakule Kitanda. Kwa sababu kila mteja aliyekuja alikuwa na habari za njia, na mimi kila mara nilisema, "Ah, huko sijafika." Muhindo akawa anawaambia wateja, "Huyu akienda sokoni anaagana na mama yake." Siku moja, mvua ikinyesha mchana, aliniambia nitandike ngozi kwenye uwanja wa atelye akanilaza juu yake. Wateja walinipita. Mmoja aliuliza kama ni mgonjwa. "Hapana, iko kwenye masomo," Muhindo akajibu. Nilikuwa nimetandika majani mabichi chini, na manyoya nimeyaelekeza ardhini nikidhani yatazuia maji. Yaliyavuta kama kitambaa cha kudekia. Niliposimama, mgongo wangu ulikuwa umelowa kuliko tumbo lililokuwa linanyeshewa. Tangu siku hiyo sijasahau: majani makavu chini, ao feni iliyokauka, yale majani ya kangaga, mkono mzima wa unene, upande wa nyama unaelekea ardhi, manyoya yanaelekea mtu. Na asubuhi unaipigapiga, unaitundika kivulini kwenye upepo kabla ya kukunja. Ukikunja ngozi yenye maji umekunja uozo.

Halafu chumvi. Hili nitalisema mpaka nife. Chumvi inazuia ngozi kuoza inapongojea fundi, ndiyo. Mais ngozi ya kulalia ikibaki na chumvi ndani, haikauki hata siku moja, kwa sababu chumvi inakunywa unyevu wa hewa. Tulikuwa na shofere mmoja, mutu wa maneno mingi, aliyejitengenezea ya kwake kwa kumwaga chumvi nyingi kama anayeandaa samaki. Alirudi na mafua, na ngozi imeliwa ukingo mzima. Akasema ni wachawi. Muhindo akaulamba ule ukingo kwa ncha ya ulimi, akatema. "Mbuzi," akasema. "Ulilala juu ya chumvi ya mbuzi za bantu. Ushukuru hapakukuwa ng'ombe."

Miaka ilienda hivyo, moshi na mafuta ya mawese kutoka upande wa Beni. Nilioa Masika, ambaye kwao ni Kalunguta. Ndiyo, kule kule. Muhindo alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha vita.

Sitaandika majina ya wale waliokuwa wanapigana. Yalikuwa yanabadilika kabla shati halijakauka kwenye kamba, na sitaki kumkosea mtu cheo. Nitasema lililofika kwenye atelye. Wateja walibadilika. Zamani walikuja watu wanaojua kulala nje. Sasa walikuja mwalimu, mshonaji, mama muuza mbao, mama muuza mafuta, watu wa kitanda kama mimi, na wote walitaka ngozi upesi kwa sababu walikuwa wanakimbilia mashambani kila risasi zikisikika. Walizirudisha zimekuwa telezi, manyoya yanatoka kwa mafungu. Muhindo alikuwa anazisukuma na mguu na kuuliza, "Hamuzifukizi?" Nao wakamtazama, mmoja akajibu: Mutu anajificha, patron. Anayejificha hawashi moto.

Hapo ndipo nilipoona shida ya kazi yetu ilivyo. Ngozi iliyofukizwa vizuri ikilowa, inakauka tena laini. Mais kila mvua inachukua sehemu ya moshi wake, na kwa majira ya mvua lazima urudishe kila baada ya siku chache, la sivyo inarudi kuwa nyama. Na moshi ni kitu ambacho mutu wa mlima ule mwingine anakiona kabla hajakuona wewe. Watu walikuwa wanachagua kati ya kulala juu ya maji na kupigwa risasi. Tuliwapa ushauri wa kuzipaka majivu na mafuta. Ulisaidia kidogo, kama sala ya mutu aliyesinzia.

Siku moja risasi zilisikika ng'ambo ya Kimemi yenyewe. Muhindo alifunga mlango na waya, akaniambia, "Kitanda, leo unasafiri," akashika njia ya kwao Kipese. Mimi na Masika tukaelekea Kalunguta kwa mama yake. Nilitembea nikigeuka nyuma mpaka Masika akaniuliza kama nimesahau kitu. Nilikuwa nimesahau nyumba nzima.

Mama mukwe tulimkuta hayuko nyumbani. Alikuwa ameshahamia kwenye shamba lake la mbali, bondeni, pamoja na familia nyingine za pale, kila mmoja na kibanda chake cha majani ya ndizi. Wote walikuwa wamekubaliana kwa neno moja: hakuna moshi. Walipika kwa makala, yaani makaa, ndani ya vibanda, kidogo kidogo. Makala yanapika, hayafukizi. Hata mbwa pale alikuwa amejifunza kubweka kwa sauti ya chini.

Niwaambie mama mukwe alikuwa nani. Mjane, mnyofu, mkavu, Mkatoliki wa rozari shingoni, na mwenye heshima ya zamani. Kwetu mukwe hali mbele ya mama mukwe, hapiti nyuma yake, hatazami pahali anapolala, wala hagusi kitu alicholalia. Siku hizi ninyi mnapanda pikipiki moja na mama wakwe zenu, mimi sisemi kitu. Yeye tangu arusi yetu hakuwahi kuniambia neno moja kwa moja. Tukiwa tumeketi mkono kwa mkono alimgeukia Masika: "Umuambie mukwe, mvua inakuja." Nami ninasikia. Nami ninamwambia Masika, "Umuambie mama, nimeona." Masika katikati kama mutu wa posta.

Alikuwa anakohoa. Kikohozi cha chini, cha kifua, kinachoanza mchana na hakijui kumaliza. Blanketi zilikuwa zimebaki kwenye nyumba, na nyumba ilikuwa imeshafunguliwa na wengine. Kati yake na ardhi ile ya maji palikuwa na ngozi moja tu, ya ndama mweusi mwenye doa jeupe, iliyotengenezwa zamani na marehemu mumewe. Mimi sikuruhusiwa hata kuitazama. Mais pua haina mukwe. Nilipopita nje ya kibanda chake, mbali kabisa, niliisikia: harufu ile tamutamu, kama maziwa yaliyokaa. Ilikuwa inaanza kuoza chini yake.

Hamjui kuhangaika kama hamjawahi kuwa fundi wa ngozi nje ya ukuta wa majani, mvua inanyesha, na ndani ngozi inakufa na mutu anakohoa juu yake. Nilizunguka kibanda changu mpaka nikatengeneza njia kwenye majani. Masika akaniambia nikae. Nilikaa. Nikasimama.

"Inaoza," nikamwambia.

"Najua. Manyoya inaniingiaka ku mikono."

"Inataka moshi. Siku nzima ya moshi."

"Utawasha wapi? Bantu ba hapa batatuua mbele ya maaskari."

Alisema kweli. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kakule, leo anatapika makohozi ya mekundu. Akilala tena wiki moja juu ya maji, tutamuzika hapa hapa ku shamba."

Mbele yetu, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na moshi. Ulikuwa unapanda kila asubuhi, mnene, bila haya, kutoka kwenye depo ya zamani ya kahawa iliyo njiani. Kule walikaa maaskari. Nilikuwa nimeutazama siku zote kwa hofu. Siku ile niliutazama kwa wivu. Nikafikiri: katika nchi hii yote, ni watu wale peke yao wanaoweza kufukiza ngozi bila kuogopa.

Nilipomwambia Masika kwamba nitaipeleka ngozi kule, hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Weye? Weye ule ulikataaka Kalunguta juu ni mbali?"

Aliingia kwa mama yake. Nilisikia maneno yao. "Mukwe ataibeba kwa mutu wa kuikausha," Masika alisema. "Nitaifunga ndani ya kikwembe. Atabeba tu, hatafungua." Kikohozi, kisha, "Asifungue." Masika akamtandikia mama yake majani makavu aliyoweza kupata, akatoka na mzigo umefungwa kwa kikwembe, kile kitenge chake cha Pasaka. Nikauweka begani. Nilichukua na kisu changu butu, halafu nikakumbuka ninakwenda kwa nani, nikakitia chini kabisa ya mzigo, halafu nikafikiri wakikikuta kimefichwa itakuwa mbaya zaidi, nikakitoa tena. Nilibadilisha mahali pa kile kisu mpaka nikafika kwenye bariera, kizuizi chao cha njia, nacho mkononi. Hiyo ndiyo akili ya sekondari.

Askari wa bariera alikuwa anakula muhindi wa kuchoma. "Papa, unaenda kukata nani na hiyo?"

"Haikati, chef. Mimi niko fundi ya ngozi."

Akajaribu kisu kwenye kidole chake, akacheka. Nyuma yake, juu ya ukuta wa depo, niliona ngozi za ng'ombe waliowala. Zimetandazwa juani kama mabati, zimejikunja, ngumu, na mafuta bado yamo, na nzi wanaimba. Wallahi nilisahau kuogopa. Kuna watu wakiona mtoto mchafu wanatafuta maji.

"Munalala juu ya ile?" nikauliza.

"Ndiyo. Tunalala kama samaki mukavu ya Vitshumbi," akasema. "Ukigeuka, inalia kraa. Komanda anatukana usiku muzima."

"Mnipe pipa, mafuta na majani ya mikaratusi. Mtalala kama mapadri."

Alikwenda kumwita. Komanda alikuwa mutu wa mbali, wa upande wa Lingala, mrefu, amevaa sapatu na miguu yake imevimba kwa baridi ya milima yetu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Yule wa bariera ndiye alimsaidia. Alinitazama, akatazama ngozi zake ukutani, akaonyesha pipa lililotoboka. "Sala," akasema. Kwa Kilingala ni kusema: fanya kazi.

Nilifanya. Nililowesha za kwao mtoni, nikatafuta gogo la kukwangulia, nikakwangua. Nikawasha moto mdogo, nikaufunika na kuni iliyooza na majani mabichi mpaka moshi ukatoka mnene na wa baridi. Mkumbuke: moshi wa baridi. Ukiweka mkono juu ya pipa na mkono ukaona joto, umepika ngozi, hujaifukiza. Maaskari walikuja kukaa karibu, mmoja mmoja, kama watu wanaokuja kutazama seremala. Walikuwa wanavuta bangi, na kila mmoja akimaliza alitupa kipande chake ndani ya pipa. "Ni dawa ya vidudu, papa," wakaniambia. Sikubishana na watu wenye bunduki juu ya vidudu.

Kikwembe kilikuwa kando, kimefungwa. Nilikizunguka. Nikakwangua ya askari mwingine, nikakizunguka tena. Hakuna ngozi inayokauka ndani ya kikwembe, na sikuwa na mwanamke wa kunifungulia. Mwishoni niligeuza uso, nikafungua kwa vidole viwili kama mutu anayetoa nyoka kwenye kapu. Nikasema kwa Kinande neno la kuomba msamaha, kwa marehemu baba mukwe zaidi kuliko kwa yeye. Halafu mikono ikajua kazi yake. Nikakamua maji, nikapaka mawese, nikaivuta na kuisugua juu ya gogo, nikaitundika moshini, nikaitoa, nikaivuta tena, nikairudisha. Alasiri, mvua ikiwa imepumzika, ilikuwa imerudi laini, inajikunja yenyewe, na lile doa jeupe limekuwa la rangi ya chai.

Komanda alitoka. Alizipita za kwake zote, bado zilikuwa zinavuja. Akachukua ile, akaitupa juu ya kiti chake, akaketi, akainua miguu iliyovimba, akafumba macho.

"Oyo," akasema. "Oyo nalingi."

Yule wa bariera akanieleza, kana kwamba nilihitaji. "Anapenda hii."

Niliona kibanda, na majani yaliyolowa, na yale makohozi. Nilitaka kusema ni ya Muhindo, ni ya padri, ni ya chifu. Mais hofu haina diplome, inasema tu kile kilicho mbele ya ulimi.

"Ni ya mama mukwe wangu."

"Anasema nini?" komanda akauliza kwa macho.

"Ya bokilo na ye, chef. Mama bokilo," yule wa bariera akamgeuzia.

Komanda alisimama. Alisimama upesi sana kwa mutu mwenye miguu ile. Akaitazama ngozi juu ya kiti, akanitazama mimi, akajipangusa nyuma ya suruali kwa mikono yote. Maaskari wawili waliokuwa wameegemea ukuta waliondoka ukutani. Nilielewa kwamba hata huko kwao, mbali namna ile, mutu hakai mahali alipolala mama mukwe wa mutu.

Kisha sura yake ikabadilika. Alikuwa amefikiri jambo lingine. Akaniuliza polepole, na yule wa bariera akageuza, na safari hii hakucheka.

"Anauliza, huyu mama mukwe wako analala wapi?"

Ndiyo, ninyi vijana. Huko nyuma ya bega langu, ng'ambo ya bonde, kulikuwa na familia zote zile na vibanda vyao na mbwa wao wa sauti ya chini. Nikiinua kidole tu. Mikono yangu ilikuwa imejaa mawese, nikaishika pamoja isije ikaonyesha kitu.

"Umuambie komanda," nikasema, "mimi ni mukwe. Mukwe hatazami pahali mama mukwe analala. Namna gani nitamuonyesha?"

Yule askari akayageuza maneno hayo. Komanda alisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia matone yakianguka kutoka ngozi zao hadi kwenye saruji. Halafu alianza kucheka kwa tumbo, bila sauti, akashika mlango.

"Ya solo," akasema, ni kweli. Kisha kwa Kiswahili chake: "Miye, mama bokilo akikohoa, nakimbia."

Alimwonyesha askari kwamba mimi ndiye nichukue ngozi. Hakutaka kuigusa tena. "Peleka. Kesho rudia. Ya miye haijaisha."

Niseme hapa kwamba nilirudi, kesho na siku zilizofuata, mpaka walipohamishwa. Ya kwake ilitoka nzuri kuliko alivyostahili. Samahani, ni kazi.

Nilishuka bondeni na kuzunguka kwa njia mbaya, nikikaa kwenye migomba kila baada ya muda kuona kama kuna anayenifuata. Hakukuwa na mutu. Nilikaa tena hata hivyo. Nilipofika, Masika alichukua mzigo, akaingia kwa mama yake. Mimi nikabaki nje, nimegeuza mgongo kama inavyotakiwa.

"Imerudi, mama. Sikia ilivyo laini."

Kikohozi. "Nani aliilainisha?"

Masika hajui kusema uongo, ni kasoro yake. "Ni Kakule."

"Alifungua."

"Alifungua, mama."

"Itoe."

"Mama, unakufa."

"Itoe, nimesema. Nitalala ku majani. Mukwe aliisha kuishika na mikono yake, nitalalaje pale?"

Masika alianza kulia, akasema mambo ya baba yake, ya rozari, ya Mungu asiyehesabu vitu vidogo. Nilisimama pale nje na mikono yangu yenye harufu, nikatamani kuikata. Nilikuwa nimevuka bonde, nimeketi kati ya bunduki, na yote yalikuwa yanaishia kwenye mlango wa majani usiozidi kiuno changu.

Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, na haikumwita Masika.

"Kakule."

Niligeuka kutazama kama kuna Kakule mwingine. Kwetu hawakosi.

"Kakule, ingia."

Niliinama nikaingia, macho kwenye vidole vya miguu yangu. Alikuwa amejikalisha pembeni, amejifunika kikwembe mpaka kichwani. Mkono wake mwembamba ulionyesha chini.

"Uliisha kuishika," akasema. "Basi tandika weye. Masika hapana jua, anaweka manyoya chini."

Nikapiga magoti. Nikatoa majani yaliyolowa, nikapanga feni kavu niliyoibeba kutoka depo, unene wa mkono mzima, nikaiweka ngozi juu yake, nyama ardhini, nikasawazisha pembe moja moja. Hakuna chumba nilichowahi kukitengeneza kwa uangalifu ule. Nilitoka kinyumenyume. Nikamsikia analala, anageuka, anavuta pumzi kwa pua.

"Masika," akasema.

"Mama."

"Inanuka bangi."

Alilala. Alilala jioni ile na usiku na asubuhi, na Masika alikuwa anaingia kila mara kuweka mkono mbele ya pua yake. Kikohozi kilimwacha kidogo kidogo, kwa wiki nyingi, kama mgeni anayeaga mlangoni. Mais asubuhi ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Nilikuwa nimeketi nje, ninajiandaa kurudi kwa komanda. Akatoka kwa miguu yake, akaketi hatua moja kutoka kwangu, karibu hata ningeweza kumpa maji bila kunyoosha mkono. Akamtazama binti yake.

"Umuambie mukwe," akasema, "ya maaskari aimalize kwa maaskari. Ya kwangu, mara ingine, afukize kwa bamasista."

Nilimgeukia mke wangu.

"Umuambie mama," nikasema, "nimesikia."